Cron na kodi za Makongeni: mstari mmoja unagharimu shilingi ngapi?

Kuiagiza kompyuta ifanye kazi ile ile kila mwezi, tarehe ile ile, saa ile ile, hakugharimu karibu chochote. Kuiagiza vibaya kunaweza kula shilingi 11,520 kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, na tofauti ya maagizo hayo mawili ni alama moja: nyota mahali palipotakiwa sufuri. Ndiyo maana nimeona heri kuipigia hesabu cron kwa shilingi. Wanaoisifu husema ni ya bure, na wanaoiogopa husema ni ya mafundi. Wote wawili wamekosea kiasi.

Cron ni programu ndogo inayokaa ndani ya karibu kila seva ya Linux. Ilikuwamo tayari katika toleo la saba la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1979, na sura yake tunayoijua leo imetokana zaidi na ile aliyoiandika Paul Vixie mwaka 1987. Kazi yake ni kuamka kila dakika, kusoma orodha, kuangalia kama kuna jambo limefikia wakati wake, kulianzisha, kisha kulala tena. Mwaka una dakika 525,600. Hata tukisema kila kuamka kunaichukulia kompyuta milisekunde nzima, jumla yake haifiki dakika tisa za kazi kwa mwaka. Kwa upande wa cron yenyewe, hesabu inaishia hapo. Pesa zinaliwa kwingine.

Tuchukue mfano wa Makongeni, nikimaanisha Makongeni ya Thika, ile ya upande wa barabara ya Garissa yenye mitaa inayotajwa kwa namba za Phase, wala si ile ya Nairobi ya karibu na Jogoo Road. Hapa biashara ya nyumba za kupanga haina msimu. Kuna wafanyakazi wa viwanda, Thika ikiwa mji wa Del Monte na Bidco; kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya; kuna wanaopanda matatu alfajiri kwenda Nairobi na kurudi usiku. Sensa ya 2019 iliwapata watu 251,407 mjini Thika. Sehemu kubwa yao, kila mwanzo wa mwezi, wana jambo moja la kumaliza na mwenye ploti.

Sasa mchukue ajenti mmoja wa kubuni, anayesimamia vyumba na bedsita 240 za wenye nyumba kadhaa. Tuseme kodi ni shilingi 7,000 kwa chumba, mwisho wa kulipa tarehe 5. Tarehe 1 na tarehe 4 anawakumbusha wote kwa meseji, na tarehe 6 anawafuata waliochelewa, tuseme 60. Hizo ni meseji 540 kwa mwezi. Bei ya meseji za jumla hutegemea kampuni na wingi, basi tuweke senti 80 kwa kila moja. Inakuwa shilingi 432 kwa mwezi, 5,184 kwa mwaka. Kodi zinazokusanywa ni shilingi 1,680,000 kwa mwezi.

Kwenye orodha ya cron, mstari wa ukumbusho wa wote unaanza hivi: 0 9 1,4 * *. Nafasi ni tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Nyota maana yake ni "yoyote". Basi mstari huu unasema: dakika ya sufuri, saa 9 ya saa ishirini na nne, tarehe 1 na 4, mwezi wowote, siku yoyote. Baada ya hapo linafuata jina la programu inayotuma meseji. Fundi anayejua kazi yake anauandika chini ya dakika moja, na anayetoza elfu kadhaa kwa ajili ya mstari huo pekee anatoza ugeni wa mteja. Kazi yenye thamani ni ile programu iliyo nyuma yake.

Tuanze na mashine, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Ajenti ana kompyuta kuukuu ofisini, ya mezani, na anaiona ya bure. Kompyuta kama hiyo ikila wati 80 usiku na mchana inameza uniti 700.8 za stima kwa mwaka. Kwa shilingi 28 kwa uniti, kiwango ninachokikadiria pamoja na ushuru na nyongeza zake, hiyo ni shilingi 19,622. Seva ndogo ya kukodi ya dola 5 kwa mwezi, dola ikiwa shilingi 130, ni 7,800 kwa mwaka. Ile ya bure imeizidi ya kulipia mara mbili na nusu. Ubao mdogo wa aina ya Raspberry Pi, ukila wati 5, unatumia uniti 43.8, yaani shilingi 1,226 za stima. Ongeza bei ya kununua ukiigawanya kwa miaka mitano, bado ni rahisi kuliko zote. Kasoro yake ni kwamba stima ya Thika ikipotea, nao unapotea.

Na stima hupotea. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, mwendo wa saa tatu na dakika 45 usiku, gridi ya taifa ilianguka na sehemu kubwa ya nchi ikalala gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Novemba na Desemba za mwaka huo huo hali ikajirudia. Chukua kompyuta ya ofisini iliyopangiwa kunakili hifadhidata kila siku saa nane usiku. Usiku ule saa nane ilipita ikiwa imezimika. Stima iliporudi, cron iliamka, ikaangalia dakika ya sasa, haikuona kitu cha kufanya, ikaendelea na maisha. Cron haina kumbukumbu ya jana. Haijui kwamba kuna kazi iliyorukwa, na wala haina namna ya kuona haya.

Dawa ipo tangu zamani. Anacron huangalia kama kazi ya siku, ya wiki au ya mwezi imefanyika, na kama haijafanyika huifanya mashine ikishawaka. Taimu za systemd, zilizo kwenye Linux nyingi za leo, nazo zina mpangilio wa kufidia kazi iliyorukwa. Zote ni za bure. Mwenye mashine ya nyumbani au ya ofisini na asiwe na mojawapo anacheza bahati nasibu na Kenya Power.

Rudi kwenye meseji, kwa sababu hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Meseji moja ya simu hubeba herufi 160, ilimradi herufi zote zimo kwenye seti ya kawaida ya mitandao ya simu. Ikizidi 160 hukatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande hulipiwa. Lakini ikiwemo hata herufi moja isiyo kwenye seti hiyo, ujumbe wote hubadilishwa mfumo, na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi hapo, vipande vinakuwa vya herufi 67.

Herufi gani hazimo? Emoji hazimo, hilo wengi wanalijua. Ila pia ĩ na ũ hazimo. Hapa ni Kiambu, na majina mengi ni ya Kikuyu. Ajenti anayeheshimu majina ya watu na kuandika Mũthoni au Gĩthĩnji kama yanavyotakiwa kuandikwa ameshahama mfumo. Halafu kuna apostrofi. Alama iliyonyooka, ya kwenye kibodi, imo kwenye seti. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Ng'ang'a aliyeandikwa kwenye simu ni wa bei moja, na Ng'ang'a aliyenakiliwa kutoka kwenye barua iliyochapwa kompyuta ni wa bei nyingine, na kwa macho huwezi kuwatofautisha kwa urahisi.

Chukua ujumbe huu: "Habari. Kodi ya chumba B14 mwezi huu ni KSh 7,000. Tafadhali lipa kabla ya tarehe 5." Ni nafasi 84, kipande kimoja. Weka jina la mpangaji lenye ũ na unakuwa vipande viwili. Urefushe kidogo kwa shukrani na baraka hadi herufi 150, ukiacha jina la ploti lenye ile apostrofi iliyopinda kwenye kila ujumbe, na kila meseji inakuwa vipande vitatu. Bili ya mwaka inapanda kutoka 5,184 hadi 15,552. Shilingi 10,368 zimekwenda kwenye alama moja. Sisemi watu waache kuandika majina yao sawasawa. Nasema anayejenga programu aamue mapema ni wapi jina litaandikwa kamili, kwenye risiti kwa mfano, na ni wapi namba ya chumba inatosha.

Sasa tuje kwenye ile nyota. Mtu ametaka meseji itoke saa tatu asubuhi, tarehe 5. Badala ya kuandika sufuri kwenye nafasi ya dakika, akaacha nyota, akidhani nyota ni sawa na kuacha wazi. Cron inasoma: dakika yoyote, ndani ya saa 9, tarehe 5. Inatii. Inatuma saa tatu kamili, saa tatu na dakika moja, na dakika mbili, hadi dakika 59. Mara 60. Kila mzunguko ni meseji 240, sawa na shilingi 192. Jumla ni meseji 14,400 na shilingi 11,520, zaidi ya bajeti ya miaka miwili ya meseji, ndani ya saa moja. Na hapo hujahesabu wapangaji 240 ambao simu zao zimelia mara 60 kudai kodi, baadhi wakiwa wameshalipa.

Kosa la pili ni la hila zaidi, kwa kuwa mstari wake unasomeka vizuri kabisa. Ajenti anataka kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kuwaambia watu kwamba tangi la maji linasafishwa. Fundi anaandika 0 9 1-7 * 1. Tarehe 1 hadi 7, Jumatatu. Mantiki iko sawa: Jumatatu ya kwanza lazima iangukie kati ya tarehe hizo. Kumbe cron, ikipewa tarehe na siku ya wiki kwa pamoja, haizichukui kwa "na". Inazichukua kwa "au". Itatuma kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 7 za kila mwezi, na pia kila Jumatatu nyingine. Katika mwaka wenye Jumatatu 52, kama 2025 au 2026, hesabu ni 84 kuongeza 52, toa 12 zilizohesabiwa mara mbili: siku 124 badala ya 12. Kwa shilingi 192 kila siku, ni 23,808 badala ya 2,304. Namna ya kuepuka ni kuweka tarehe 1-7 peke yake kwenye mstari, kisha programu yenyewe iangalie kama leo ni Jumatatu.

La tatu ni mwisho wa mwezi. Wenye ploti wengi wangependa ukumbusho wa kwanza utoke siku ya mwisho ya mwezi, wakati mishahara ya viwandani imeingia na haijatoka. Ukiandika tarehe 31, ukumbusho utatoka miezi saba tu kwa mwaka. Ukiandika 30, Februari inarukwa. Cron ya kawaida haina namna ya kusema "siku ya mwisho". Ujanja wa mafundi ni kuiita kazi tarehe 28 hadi 31, kisha kuuliza kama kesho ni tarehe 1. Ujanja huo nao una mtego wake: alama ya asilimia, inayotumika kuuliza tarehe, ndani ya orodha ya cron ina maana nyingine, na usipoitanguliza mkwaju wa kurudi nyuma, mstari unakatika katikati. Binafsi ningehamisha ukumbusho hadi tarehe 28 na kulala.

Halafu saa. Mswahili akisema saa tatu asubuhi, kompyuta inahitaji kuambiwa 9. Hilo fundi wa Thika analijua tangu darasa la kwanza. Asilolikumbuka kila mara ni kwamba seva ya kukodi huko Ulaya au Marekani kwa kawaida huwekwa kwenye saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya Kenya kwa saa tatu. Andika 9 kwenye seva hiyo na meseji zinatoka saa sita mchana. Unataka saa tatu asubuhi ya Makongeni? Andika 6. Aliyekariri saa ya Kiswahili na kuandika 3 atawaamsha watu saa kumi na mbili alfajiri ikiwa seva iko kwenye saa ya ulimwengu, na saa tisa usiku ikiwa iko kwenye saa ya Nairobi. Suluhisho ni kuiweka seva yenyewe kwenye saa ya Africa/Nairobi mara moja na kuacha kupiga hesabu za kichwani.

Katika hili tumebahatika kuliko wenzetu. Kenya haibadilishi saa. New York wanaporuka saa moja Machi, kazi iliyopangiwa saa nane na nusu usiku wa Jumapili ile inakuta saa yenyewe haipo, na Novemba saa saba na nusu usiku inakuja mara mbili. Mafundi wa huko wamepoteza usiku mwingi kwa jambo ambalo kwetu halitokei hata mara moja kwa mwaka.

Kuna kazi nyingine ambayo ningeifuta kabisa kwenye orodha ya ajenti. Wengi huandika mstari wa kwenda kuuliza kila dakika tano kama kuna malipo mapya. Hiyo ni mara 288 kwa siku, mara 105,120 kwa mwaka. Malipo ya kodi ya vyumba 240 ni 2,880 kwa mwaka. Hata kila lipo likija kwa wakati wake, safari zaidi ya 97 katika kila 100 zinarudi mikono mitupu. Safaricom, kupitia Daraja, mfumo wake wa kuunganisha programu na M-Pesa, hutuma taarifa yenyewe kwa seva yako kila paybill inapopokea pesa, kwa hiyo hakuna haja ya kugonga mlango. Cron ibaki na mara moja kwa siku, usiku, kulinganisha vitabu na taarifa zilizoingia, endapo moja ilipotea njiani.

Na ushuru? Mwenye ploti ya vyumba 40 kati ya vile 240 anapata shilingi 280,000 kwa mwezi, 3,360,000 kwa mwaka. Yuko ndani ya mpango wa ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi, unaowahusu wakazi wenye mapato ya kuanzia 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka. Kiwango kilikuwa asilimia 10 hadi mwisho wa 2023, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyokusanywa, bila kutoa gharama. Kwake ni shilingi 21,000, na mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Akichelewa, faini ya malipo ni asilimia 5, yaani 1,050. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi, yaani 210. Na kuchelewesha fomu kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kubwa kati ya hizo. Jumla 3,260 kwa kusahau mwezi mmoja. Meseji 12 za kumkumbusha mwaka mzima ni shilingi 9 na senti 60. Huu ndio mstari wenye faida ya wazi kuliko yote, na ajabu ni kwamba ndio unaosahaulika, kwa kuwa ajenti anafikiria wapangaji tu. Uwekwe tarehe 12 au 15, si tarehe 20 yenyewe. Anayejua jinsi mtandao wa KRA unavyokuwa tarehe 30 Juni, wakati nchi nzima inakimbilia kuwasilisha fomu za mwaka, haelezwi sababu.

Ukumbusho wa kodi, kwa upande wake, nisiukuze. Tuseme mwezi mmoja haukutoka, na sehemu ya kumi ya kodi, shilingi 168,000, ikachelewa siku tano. Kwa riba ya benki ya asilimia 15 kwa mwaka, hasara ni shilingi 345. Si kitu cha kumkosesha mtu usingizi. Nakala za hifadhidata ndizo zinazobeba uzito, na ndizo zisizoonekana. Malipo 2,880 ya mwaka yakipotea, taarifa za M-Pesa zinaweza kuombwa upya, lakini kila lipo lazima lirudishwe kwenye chumba chake, na baadhi ya watu hulipa kwa simu ya mke, ya kaka au ya rafiki. Kwa dakika tatu kila lipo ni saa 144, siku 18 za kazi za saa nane. Kuhifadhi nakala 30 za megabaiti 40 kila moja ni gigabaiti 1.2, ambayo hata seva ya dola 5 inaibeba bila kulalamika. Ila nakala iliyo kwenye diski ile ile inakufa pamoja na diski. Moja lazima itoke nje kila usiku.

Tatizo kubwa la cron, nionavyo mimi, ni ukimya wake. Kazi ikitoa ujumbe wowote, wa kosa au wa kawaida, cron hujaribu kumtumia mwenye orodha kwa barua pepe ya ndani ya mashine. Kwenye Ubuntu isiyo na programu ya barua, hutupa ujumbe huo na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba umetupwa. Nani husoma kumbukumbu hizo? Sababu za kushindwa ni za kila siku: cron huendesha kazi ikiwa na njia fupi za kutafuta programu, kwa hiyo kinachofanya kazi ukikiandika kwa mkono hakipatikani cron inapokiita, nenosiri limebadilishwa, salio la meseji limekwisha. Dawa ya kwanza ni meseji moja kwa ajenti kila asubuhi ikisema nakala ya jana ina ukubwa gani. Shilingi 292 kwa mwaka. Udhaifu wake ni kwamba binadamu haoni kisichokuja. Baada ya wiki mbili atakuwa ameizoea. Bora mashine ya pili, mahali pengine, isubiri ishara kutoka kwa ya kwanza na ipige kelele isipoipata.

Kuna gharama moja ya kisheria wanayoiruka wengi. Chini ya sheria ya kulinda data ya 2019 na kanuni za 2021, usimamizi wa nyumba ni miongoni mwa shughuli zinazotakiwa kusajiliwa kwa Kamishna wa Data bila kujali udogo wa biashara. Ada kwa biashara ndogo ni shilingi 4,000 kwa miaka miwili ya kwanza. Orodha ya majina, simu na madeni ya watu 240 ni data hasa.

Basi jumlisha: seva 7,800, meseji 5,184, usajili 2,000 kwa mwaka, ile meseji ya asubuhi 292. Ni 15,276, sawa na shilingi 64 kwa chumba kwa mwaka mzima. Mpangaji akituma shilingi 7,000 kwa M-Pesa kwenda kwa namba ya simu ya mtu, kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, ada ni shilingi 78. Kutuma mara moja tu. Kwa mwaka ni 936. Ajenti anayebana senti za meseji huku wapangaji wake wakituma kodi kwenye namba binafsi ya mwenye nyumba anabana mahali pasipovuja.

Tangu Oktoba 2024 mpangaji naye ana cron yake, hata kama haijui kwa jina hilo. M-Pesa Ratiba humruhusu kupanga malipo yajirudie yenyewe kwa tarehe anazotaka, kutoka kwenye simu yake. Wapangaji 60 kati ya 240 wakipanga kodi ya tarehe 1 hivyo, na ajenti akiwaondoa kwenye ukumbusho wa tarehe 4, anaokoa shilingi 576 kwa mwaka. Kidogo. Faida kubwa ni kwake mpangaji, ambaye hasomi tena meseji asiyoihitaji.

Ukuze mfano hadi vyumba 2,400. Seva ile ile bado inatosha. Meseji zinakuwa shilingi 51,840 kwa mwaka, na gharama kwa chumba inashuka hadi karibu shilingi 26, ambazo karibu 22 ni meseji tupu. Yaani kadiri unavyokua, mashine inatoweka kwenye hesabu na meseji inabaki peke yake. Ndiyo maana kampuni kubwa hubishana na wauzaji wa meseji kwa nusu ya senti na hazigombani na yeyote kuhusu seva.

Endelea hadi kiwango cha mji. Ruiru, kwa sensa ya 2019, ina watu 490,120. Meseji moja kwa kila mmoja ni shilingi 392,096. Ikiwa njia inapitisha meseji 30 kwa sekunde, kazi itachukua saa nne na dakika 32: ianze saa tatu asubuhi, imalize saa saba na nusu mchana. Mtu akiwa ameiweka ijirudie kila saa, cron haitauliza kama ya kwanza imekwisha. Saa nne itaanzisha ya pili, saa tano ya tatu, saa sita ya nne, na saa saba ya tano, zote zikigombania njia ile ile na orodha ile ile, na zile za mwanzo zikizidi kuchelewa. Hapo mstari mmoja hautoshi tena. Kunahitajika kufuli, flock ikiwa ndiyo ya karibu zaidi kwenye Linux, inayokataa nakala ya pili kuanza kabla ya ya kwanza kumaliza; kunahitajika foleni inayoweka alama kwa kila namba iliyokwisha kutumiwa; na saa ya kuanza ihamishwe kutoka dakika ya sufuri, ambako mifumo mingi imepanga kazi zake, hadi dakika ya 7 au ya 23.